Hotuba ya Mchukuzi

Mwezi wa kwanza wa mvua, giza la kwanza

Leo watawa wamesitisha safari zao na kuingia kipindi cha mvua; siku tunazihesabu giza mwezi ukipungua, nuru ukikua. Kwa miezi mitatu hawalali popote ila mlimani. Na mimi Gobhuti, mwana wa Sonaka, mchukuzi wa miaka ishirini kwenye njia ya bandarini, nimeingia nao. Si kwa kunyoa. Nywele zangu ni nzuri mno, na Padumi mke wangu angeniua kabla wembe haujafika sikioni. Nimeitwa kuandika!

Jambo lenyewe ni hili. Maneno ya Mwalimu, yule aliyewafungulia watawa njia yao, tangu alipoyasema kule Magadha ng'ambo ya bahari, hayajawahi kuandikwa. Yamebebwa vichwani, mdomo kwa sikio, zaidi ya miaka mia nne. Kisha ikaja ile njaa. Watawa wakafa, na kila aliyekufa akaenda na hotuba zake. Sasa mfalme amerudi kwenye kiti chake, mpunga umerudi shambani, na wazee wameamua kwamba kabla kisiwa chetu cha Lanka hakijaona njaa nyingine, yote yaandikwe kwenye majani ya mvumo.

Waandishi wengine wamesomeshwa. Mimi herufi nilijifunza kwenye marobota: pilipili, pembe, nguo, usiangushe. Msimamizi alipoona mstari wangu aliuliza, "Nani alikufundisha?" Nikamjibu, "Mgongo wangu." Wenzangu wakacheka, lakini mstari ulikuwa mnyoofu kuliko wao wote, na hilo waliliona pia.

Haya ninayaandika kwenye mapande yanayobaki tukikata majani. Wenzangu huyawashia moto. Mimi nimeona ni hasara, mtu kama mimi kupita duniani bila kuandikwa.

Giza la pili

Mvua. Ruba wanne kwenye mguu mmoja.

Giza la sita

Kazi ni hii. Jani limeshachemshwa, limekaushwa, limelainishwa. Mtawa anasema kwa kumbukumbu, mwandishi anachora kwa ncha ya chuma. Ukichora huoni kitu, ni kama kucha juu ya ngozi. Halafu unapaka masizi na mafuta, unafuta kwa pumba za mpunga, na herufi zinajitokeza nyeusi, zinakutazama. Zikishatokea hazifutiki. Umekosea herufi moja, jani linachomwa.

Anayechoma ni mtawa Piyadeva, mkaguzi, mtu wa mifupa na macho. Anasoma kila jani kwa sauti mbele ya baraza la wazee. Sheria ya baraza inaitwa makoo mawili: hakuna neno linaloingia kikapuni, kwenye hotuba zilizokubaliwa, mpaka wawili waliolipokea mbalimbali walitamke sawasawa. Leo amechoma majani kumi na manne. Langu halimo hata moja! Akaniambia, "Gobhuti, mistari yako imenyooka. Ni hadithi zako zilizopinda."

Hiyo ni kwa sababu nilimweleza nilivyombeba mtoto wa tembo kuvuka mto. Ni kweli nilimbeba. Tulikuwa watu sita, na tembo mwenyewe alikuwa anatembea.

Nyumbani, maana waandishi tusio watawa hushuka kulala kwetu, mama mkwe, Bibi Varuni, akaniuliza leo nimeandika nini. Nikasema, "Neno la Mwalimu, mama."

"Maskini Mwalimu," akasema, akaendelea kutwanga.

Miaka kumi na mmoja nimeoa binti yake na sijapata hata "pole" yake. Ananiita Domo. Si mbele ya wageni tu.

Giza la kumi na mbili

Mvua. Padumi kapika fenesi. Nimekula kama mtu mwenye cheo.

Nuru ya tatu

Nimepewa mzee Devarakkhita. Waandishi wengine walimkwepa kwa sababu hana jino, anakohoa nusu ya kila sentensi, na anakaa pango la juu kabisa ambako ngazi zimekuwa telezi. Nikasema mpeni Gobhuti, mimi nimepanda milima nikiwa na robota la shaba.

Nilipofika nahema, mzee alinitazama kwa jicho moja lililo zima.

"Una meno?"

"Yote, Mtukufu."

"Niazime mawili, tuanze kazi."

Nikampenda papo hapo.

Anayo hotuba moja ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Wanaiita Hotuba ya Mchukuzi. Niliposikia jina hilo nilisimama. Hotuba yetu! Mwalimu mwenyewe alizungumza na mtu wa kazi yangu! Nikamwambia mzee kwamba wachukuzi wa Lanka nzima tutachinja... halafu nikakumbuka niko wapi, nikasema tutachuma maua.

Waliokuwa nayo walikuwa watano. Njaa ilipokaza walishuka wakalala katika kibanda kimoja chini ya mlima, wakiisoma huku wamejinyoosha, maana nguvu za kuketi hazikuwepo. Wanne walikufia humo. Kwa hiyo koo ni moja, na sheria inataka mawili.

Piyadeva alikuja kusema waziwazi. "Nitaliomba baraza likubali koo moja, kwa heshima ya mzee na kwa kuwa wenzake walikufa. Lakini jani liwe safi. Kukiwa na shaka ya nywele moja, hotuba inaachwa nje, na mzee akiondoka inaondoka naye."

"Mtukufu," nikamwambia, "umeleta mtu anayefaa."

"Hilo," akasema, "ndilo linalonitia wasiwasi."

Nuru ya tano

Mzee hakubali kuanza hotuba kabla sijaelewa ninachoandika. Anasema mwandishi asiyeelewa ni punda aliyebeba sukari guru. Nikasema punda huyo walau ananukia vizuri.

"Mwalimu alisema jambo moja tu," akaniambia, "akalisema kwa njia elfu. Maumivu yapo. Yana chanzo. Yana mwisho. Na ipo njia ya kufika mwisho huo."

"Hayo ni manne, Mtukufu, si moja."

"Kumbe hesabu unajua. Chanzo ni nini?"

"Wakwe."

Alicheka mpaka nikaogopa atakatika. Kisha akasema, "Chanzo ni kiu."

"Ya tembo la mnazi?"

"Ya tembo, ya sifa, ya kuwa hai kesho, hata ile ya kutaka kufa leo. Unakunywa, inakua. Unakunywa, inakua."

Alipotaja sifa alinitazama zaidi ya ilivyohitajika.

Mwezi wa pili, giza la nne

Nimemtengenezea mzee kiti cha miwaa ili asilale bapa. Kikohozi kimepungua. Kiti kizuri kuliko cha mkuu wa wilaya.

Giza la tisa

Kikohozi kimerudi. Sentensi tatu tu.

Nuru ya pili

Leo tumemaliza!

Hotuba ni hivi. Mwalimu anapita njia ya Magadha jua likiwaka. Anamkuta mchukuzi kasimama katikati ya njia na mzigo kichwani, amechoka hata kuuliza ni mbali kiasi gani. Mwalimu anamwuliza, "Mchukuzi, nini kizito?" Anajibu, "Mzigo." Anamwuliza, "Ulipokuwa chini asubuhi, ulikuwa mzito kwa nani?" Ndipo Mwalimu anasema uzito haumo mzigoni wala kichwani. Upo pale viwili hivyo vinapokutana, na mkono usiotaka kuachia. Mkono huo ndio kiu. Mwisho anamwambia maneno matatu ambayo mzee aliyatoa kwa pumzi moja, amefumba macho:

Tua kilichobebwa, tua kinachobebwa, tua na anayebeba.

Nywele zilinisimama. Ila, nikasema moyoni, tua? Tua ni neno la kila siku. Mpagazi anatua, ndege anatua, hata nzi anatua kwenye uji. Maneno makubwa hivi yataka neno lenye kishindo. Herufi moja tu, nikaiongeza mara tatu: Tupa kilichobebwa, tupa kinachobebwa, tupa na anayebeba. Yasome kwa sauti uone! Unasikia mzigo unavyopasua ardhi. Nadhani hata Mwalimu, angekuwa amefanya kazi bandarini, angesema hivyo.

Mzee alitaka nimsomee kesho, maana leo amechoka. Nimepaka masizi. Herufi zimetoka kama mchwa waliopangwa na mfalme.

Jioni mapema nikiteremka nilimkuta Kalaka kivukoni, mwenzangu wa mzigo wa zamani, sasa anachanja kuni. Nikamsomea ile mistari mitatu. Akakaa chini. "Gobhuti," akasema, "hayo Mwalimu kasema kweli?" Nikamwambia, "Nimeyaandika kwa mkono huu."

Nuru ya tatu

Mzee ameamka hasemi. Upande mmoja wa uso umeanguka. Jicho liko macho, mdomo hautoi neno. Nilikaa naye mpaka mchana. Sikumsomea.

Nuru ya nne

Bado.

Nuru ya saba

Mitta, mke wa Kalaka, amekuja mlangoni kwetu na watoto watano na chungu kitupu.

"Yuko wapi huyo mwandishi?"

Nikatoka na kifua mbele, nikidhani anataka nimwandikie kitu.

"Kalaka amenyoa kichwa," akasema. "Yuko mlangoni mwa watawa siku ya tatu. Nimemfuata, ananiambia nimetupa mzigo. Namwuliza mzigo gani, ananionyesha mimi! Ananionyesha watoto! Anasema umemsomea wewe, kilichobebwa, kinachobebwa, tupa."

Nikasema hotuba ni ya Mwalimu, shemeji, si yangu.

"Na yeye kanijibu hivyohivyo. Eti hata Mwalimu aliacha mke na mtoto. Nikamwambia, Mwalimu aliacha jumba lenye wapishi na walezi. Wewe umeacha hiki." Akanigeuzia chungu. Ndani mlikuwa na buibui.

Padumi aliwapakulia watoto uji wa ulezi. Bibi Varuni alinitazama tu, na kwa mara ya kwanza nilitamani aniite Domo.

Nuru ya nane

Nimewaza mchana kutwa na nitaliandika hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Miaka ishirini nimekuwa mchukuzi. Sijawahi kutupa mzigo. Hakuna mchukuzi anayetupa! Ukitupa, chungu kinavunjika, mguu wa mwenzako unapondwa, na unakuwa na hasira na mzigo kana kwamba umekukosea. Mchukuzi anapiga goti, anainamisha shingo, anatua. Mzigo unabaki mzima. Na wewe unabaki mzima. Ndiyo maana Mwalimu alimwambia mchukuzi, si mtu mwingine. Mchukuzi angelielewa neno hilo kabla halijamaliza kutoka mdomoni.

Na mimi mchukuzi ndiye niliyeliharibu. Kwa kishindo.

Nuru ya tisa

Nimemwendea Piyadeva. Nimepita mara tatu mbele ya pango lake kabla ya kuingia.

"Mtukufu, nimekosea neno. Nimeandika tupa. Mzee alisema tua."

Aliweka jani alilokuwa akisoma. "Ulisikia vibaya?"

"Nilisikia vizuri. Nililitengeneza."

"Ulilitengeneza neno la Mwalimu."

"Niliona ni dogo."

Akasema: "Gobhuti, kuna yule mtoto wa tembo."

"Ile ilikuwa porojo, Mtukufu. Hii ni kweli."

"Baraza litajuaje tofauti?"

Nikamwonyesha vidole vyangu vyeusi kwa masizi, kana kwamba ni ushahidi.

"Mimi ninakuamini," akasema, na hapo ndipo niliposhtuka zaidi. "Mtu hajisingizii hivi. Lakini kukuamini kwangu si koo. Walikuwa tayari kupokea koo moja kwa sababu jani halikuwa na shaka. Sasa lina shaka. Siwezi kupeleka tupa, umelikana. Siwezi kupeleka tua, shahidi wake ni wewe. Mzee hasemi. Hotuba itaachwa."

"Kwa hiyo ningenyamaza ingeingia?"

"Ingeingia, na kina Kalaka wangejaa mlangoni kwangu miaka elfu."

Nilidhani mtu huyu ana masizi mahali pa damu. Alinisindikiza mpaka ngazini ameshika mkono wangu, maana zilikuwa telezi, akanisimamia mpaka nilipofika chini.

Nuru ya kumi

Nimempelekea mzee uji. Anameza kidogo. Nimemwambia yote niliyofanya. Jicho lake lile moja lilinitazama muda mrefu, kisha bega lake likatikisika. Naapa alikuwa anacheka. Afadhali angenipiga.

Nuru ya kumi na tatu

Mvua. Sijaandika. Sijala fenesi.

Mwezi wa tatu, giza la kwanza

Watawa wanasema mwezi uliobaki ni wa kufunga vikapu.

Giza la tano

Haya, tulieni. Nayaandika polepole.

Asubuhi nimekaa kibarazani, Bibi Varuni anatwanga mpunga uani. Mimi nanung'unika ile mistari, tupa hivi, tupa vile, ili nijichukie vizuri. Mchi ukasimama.

"Unaharibu," akasema.

"Najua nimeharibu, mama. Kijiji kizima kinajua."

"Nasema unaniharibia mapigo. Si tupa. Ni tua." Akainua mchi, akaushusha. "Tua kilichobebwa." Puu. "Tua kinachobebwa." Puu. "Tua na anayebeba." Puu. "Ukisema tupa, mchi unakwenda wapi? Unataka niurushe kwa jirani?"

Sikumbuki nilivyofika uani. Najua nilipiga magoti kwenye pumba.

"Mama, umelipata wapi neno hilo?"

"Si pale kibandani kwangu! Wale watano walilala wapi, unadhani? Nilikuwa nawatwangia mizizi na moyo wa mnazi wa mwituni. Walikuwa wanasinzia katikati ya hotuba, na mtu akisinzia siku zile haamki. Yule mkubwa wao, aliyekufa wa kwanza, akaniambia, dada, twanga kwa mapigo, tusome juu ya mchi wako. Miezi minane nimetwanga, wao wanasoma. Wanne walipokufa niliendelea tu. Mkono umeshazoea."

"Yote? Tangu mwanzo?"

"Nimesikia hivi," akaanza, puu, "Mwalimu alipita njia ya Magadha," puu, na akaenda mpaka mwisho bila kukwama, na mpunga ukawa mweupe.

Miaka kumi na mmoja! Kila asubuhi nimekuwa nikimsikia ananung'unika juu ya kinu, na nilidhani ananitukana.

"Mbona hujawahi kusema, mama?"

"Nani aliniuliza? Wewe huwa unauliza au unaeleza?"

Giza la sita

Piyadeva alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza akauliza, "Na hili, ni porojo au kweli?"

"Njoo umsikie mwenyewe, Mtukufu. Mimi usiniamini hata kidogo."

Akavaa joho lake begani, akashuka mvua ikinyesha. Alisimama nje ya uzio wetu ambapo mtawa anaruhusiwa kusimama, ruba wakimpanda, na akasikiliza hotuba nzima toka kwenye kinu. Hakuwatoa ruba mpaka ilipoisha.

Giza la kumi na mbili

Baraza linabishana. Wengine wanasema koo la mwanamke asiye na joho si koo. Piyadeva kawaambia, "Sheria yetu inasema koo. Aliyetaka kusema koo la mtawa alikuwa na nafasi ya kusema hivyo." Mzee mmoja akasema mpishi hawezi kuwa kikapu cha Mwalimu. Piyadeva kamjibu kwamba siku za njaa mzee huyo mwenyewe alikuwa hai kwa sababu ya mpishi.

Nampenda mtu huyu wa mifupa. Nilimdhania vibaya tangu siku ya kwanza.

Nuru ya nne

Leo ndiyo leo.

Walimwita Bibi Varuni uwanja wa mbele ya pango kubwa. Watawa wameketi safu kwa safu, majoho yao kama shamba la maua ya manjano. Akavaa nguo nyeupe. Alipotakiwa kuanza, akafungua mdomo na pakatoka kimya. Akajaribu tena. Kimya. Yule mzee aliyesema habari ya mpishi akaanza kutabasamu.

"Siwezi hivi," Bibi Varuni akasema. "Mkono wangu hauna kitu."

Nikaelewa kabla ya mtu mwingine yeyote, na hilo nataka liandikwe. Nikateremka mlima mbio, nikainua kinu, kile kinu cha mti mzito ambacho watu wawili hukibeba kwa kulalamika, nikakiweka kichwani na mchi begani, nikapanda ngazi zote zile telezi. Sitii neno la ziada. Nilikuwa mimi peke yangu, na kinu hakikuwa kinatembea.

Kalaka alikuwa bado amekaa mlangoni na kichwa chake kama yai. "Unapeleka wapi kinu hekaluni?" akauliza.

"Shika mchi, mpuuzi, unaanguka."

Akaushika, akanifuata ndani.

Nilipofika mbele ya baraza nilipiga goti, nikainamisha shingo, nikatua. Padumi, aliyenifuata na ungo wa mpunga, akaumimina. Na Bibi Varuni akainua mchi.

Sijui niseme vipi. Watu wale wote wanaijua sauti ya kusoma, nzito, ndefu, ya pamoja. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa sauti ya asubuhi ya kila nyumba ya Lanka, na maneno ya Mwalimu yamo ndani yake kama punje. Nimesikia hivi, puu. Mchukuzi, nini kizito, puu. Nikasikia watawa wadogo wanaanza kuyumba na mapigo.

Mzee Devarakkhita alikuwa ameletwa kwenye kile kiti changu cha miwaa. Upande wake mzima wa mdomo ulikuwa unakwenda pamoja na mchi, bila sauti, neno kwa neno. Piyadeva alikuwa ameinama mbele yake, macho kwenye midomo ile. Tulipokaribia mwisho hata mvua niliisahau.

"Tua kilichobebwa."

Puu. Na pale kwenye kiti, mkono wa mzee ulioinuka kidogo ukashuka juu ya goti.

"Tua kinachobebwa." Puu. Mkono ukashuka.

"Tua na anayebeba." Puu. Mkono ukashuka, ukabaki hapo, umefunguka.

Piyadeva akasimama. "Nimeona koo la kwanza," akasema. "Nimesikia la pili."

Yule mzee wa mpishi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunganisha mikono na kuinama. Bibi Varuni akafuta jasho, akachungulia kinuni, akasema, "Na mpunga wenu huu umekoboka. Mwende mkaupike kabla ya saa sita mchana, maana baada ya hapo hamli."

Kalaka alikuwa analia waziwazi. Nikamwambia, "Umesikia neno?"

"Nimesikia. Tua."

"Basi nenda nyumbani."

"Mitta ataniua."

"Utakuwa umestahili."

Nuru ya tano

Piyadeva amenirudishia ncha ya chuma. Nilisema mpe mwingine. Akasema, "Mwingine hajui neno hilo lina uzito gani."

Niliandika asubuhi nzima. Nilipofika kwenye mistari ile mitatu nilisimama nikapumua, nikaandika neno dogo, neno la nzi na ndege, mara tatu. Nilipopaka masizi na kufuta kwa pumba, lilitoka jeusi, fupi, limetulia. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama hicho. Na si changu hata herufi moja.

Nuru ya kumi

Mzee Devarakkhita ameondoka, mchana, kwenye kiti. Nilikuwepo. Nilikuwa nikimsomea jani.

Mwezi mpevu wa mwisho

Mvua zimefungwa. Asubuhi watawa walifanya ile desturi yao ya kutoka: kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, anapiga magoti mbele ya wenzake na kusema, kama mmeona, mmesikia au mmeshuku kosa kwangu, niambieni kwa huruma, nami nitalirekebisha. Sisi tusio na majoho tunasubiri nje.

Piyadeva alipotoka alikuja moja kwa moja kwa Bibi Varuni, akasimama kwa umbali wa heshima. "Miaka yote hii tulipita mlangoni kwako na bakuli," akasema, "na hatukukuuliza. Hilo ni kosa letu."

"Sasa mmeuliza," akamjibu.

Hotuba ya Mchukuzi imo kikapuni. Jina la mwandishi haliandikwi, ndiyo sheria, na safari hii sikubisha.

Tukateremka. Yeye mbele na nguo yake nyeupe, mimi nyuma na kinu kichwani. Kila tuliyekutana naye njiani nilimsimamisha. Mnamwona huyu? Huyu ni mama mkwe wangu! Neno lilikuwa linapotea Lanka nzima, watawa mia tano hawana, yeye analo! Baraza limemwinamia! Wengine wakacheka, wengine wakaniambia Gobhuti kaanza. Yeye haachi kuniambia nyamaza, utanitia aibu.

Kivukoni tukamkuta Kalaka, nywele zimeanza kuchipua, anapakia kuni na wale watoto wote watano, Mitta anamsimamia na fimbo mkononi. Pembeni yao walikuwa wachukuzi wageni wa kutoka bandarini, wamekaa juu ya mizigo yao. Nikaanza upya toka mwanzo: njaa, kibanda, mchi, mzee, mkono ulivyoshuka. Mkubwa wao akanisikiliza mpaka mwisho, akatema tambuu, akamgeukia mwenzake.

"Nimewasikia waongo wa bandari zote," akasema, "lakini huyu ni mfalme wao."

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, Bibi Varuni alirudi nyuma hatua mbili, akasimama kando yangu, akamtazama yule mtu toka kichwani hadi miguuni.

"Mwanangu hadanganyi," akasema.